Jina ya mikono ya Papa Ruth

Jeudi, magaribi

Wivu, ndiyo. Niandike tu hivyo, hakuna mwenye atasoma.

Miaka tisa mimi peke yangu nasema na Ruth, mutoto wetu kiziwi, kwa mikono. Nilijifunza kwa shida, kila mercredi navuka mto na pirogue kutoka Lubunga, naenda ku shule ya viziwi. Baba yake, Papa Ruth, alikuwa ananiambia tu, "Mwambie alale," kama vile mimi ni simu yake.

Sasa shule ya viziwi imepata casque ya kuvaa ku macho. Ndani yake unaona mwalimu kama vile iko mbele yako, anaonyesha alama za mikono, unarudilia. Papa Ruth ameivaa wiki tatu. Wiki tatu! Leo yeye na Ruth wamesimuliana mpira kwa mikono mpaka sufuria yangu ya pondu ikaungua, nikiwaangalia.

Kisha Ruth akamupa jina. Jina ya mikono, kiziwi ndiye anakupa, hauwezi kujipa. Akavuta vidole chini ya kidevu chake mara mbili, kama mwenye kuvuta ndevu: huyo ni papa.

Nikamuuliza, "Na mimi?"

Akashangaa. "Wewe sina lazima ya kukuita. Uko hapa siku zote."

Bon. Kesho nitavuka kwa dada yangu, nilale kule. Nione ataniita namna gani.