Rangi Iliyopauka Dukani kwa Baba

Kwa mdogo wangu mkaidi,

Nimekuficha jambo tangu Baba alipokutoa dukani, na sasa kifua kimenibana, sitaki kuzikwa nalo. Usijidanganye kwamba nimelainika. Sikupendi, nawe hunipendi, tumetoshana.

Binti yangu ananilisha uji kwa kijiko. Runinga iko mbele ya kitanda, na kila nikiitazama naukumbuka mdomo wako: "Kaka, waya wa runinga wa bei rahisi unaleta picha ileile na huu wa ghali unaouza. Hawa wateja unawaibia tu."

Ulinisema hivyo mbele ya watu, mimi niliyesomea umeme chuoni! Baba akataka ushahidi. Kesho yake tukawasha runinga mbili pacha, moja kwa waya wangu wa ghali, nyingine kwa wako. Yako ikatoa picha iliyopauka kama shati la kufuliwa kila siku. Baba akasema, "Macho hayana pazia," akanikabidhi funguo za duka. Ukaondoka bila kumuaga hata Mama, na hukurudi hata kumzika.

Mpumbavu wewe! Ungefikiri kidogo tu ungenishinda. Waya wa dijitali haupaushi rangi: ama picha inafika nzima, ama inakatikakatika. Ulikuwa sahihi, nami nilijua. Lakini ulibaki kuukodolea macho waya wako kama uliyefiwa, hukuomba hata kushika rimoti.

Rangi ya runinga yako niliipunguza mimi, kwa rimoti hiyo, kabla hujaingia dukani.

Kaka yako, upende usipende