Skii za Mlima Mzima

Alhamisi, 4 Desemba

Mume wangu! Nimeliandika ili nilione. Mume wangu, mume wangu. Wiki ya tano sasa na neno bado linanitekenya. Leo dukani nimemwambia mteja kwamba ule mkate wa shayiri ni wa mume wangu, wakati hata hakuniuliza. Akacheka. Nami nikacheka. Kisha nikamfungia keki ya njugu ambayo hakuiomba.

Lakini habari kubwa ni hii — nimepewa kigingi!

Chumba cha skii kiko chini ya nyumba, palipokuwa zizi la mbuzi enzi za babu yake Curdin, mume wangu. Chembamba, ukigeuka vibaya unajigonga kiwiko. Ukutani kuna vigingi, kila mtu wa nyumba hii kimoja, na kigingi kimoja ni jozi moja. Jozi ya pili hakuna pa kuiweka, na baba mkwe hataki hata kusikia habari zake. Skii zake ni nyembamba, kingo zimenolewa hadi unaogopa kuzitazama. Za wifi Braida ni pana kama mbao za kitanda. Za mama mkwe ni zile zile alizoolewa nazo. Za Curdin zimekunjwa ncha mbele na nyuma, zimekwaruzwa na vyuma vya uwanja wa kuruka, zimejaa stika hata rangi haionekani. Halafu kigingi kitupu. Kipya, kimechongwa na Curdin mwenyewe! Nikakibusu. Curdin akasema nitachomwa na kibanzi mdomoni. Nikambusu yeye badala yake.

Zangu za mashindano ya shule nilimwachia mdogo wangu, kwetu bonde la pili. Kwa hiyo nachagua upya. Jozi moja tu. Na iwe tayari kabla ya theluji kubwa ya kwanza, maana hapa mtu mpya wa ukoo ndiye huchora kwa skii zake mstari wa kwanza kwenye malisho ya juu ya nyumba, wote wakimtazama kutoka roshanini. Kisha ukoo mzima unapanda kileleni na kushuka pamoja kutwa nzima. Kila mahali.

Kila mahali! Ndicho ninachotaka. Niende kila anakokwenda yeye. Sitaki kuwa yule mke anayekaa chini ya lifti ya mlimani na chupa ya chai, akihesabu jaketi zinazoshuka.

Ijumaa, 5 Desemba

Supu ya shayiri, nyama ya kukausha, na kampeni za uchaguzi.

Mgombea wa kwanza, baba mkwe Jachen. Amefundisha watu kuteleza maisha yake yote na mpaka leo anatembea kama aliyefunga skii. Kwake yeye kuna miteremko iliyopigwa pasi na katapila asubuhi, na mengine ni uzembe. Anataka nichukue nyembamba.

"Kisu hakina tumbo, mwanangu," akasema.

Braida akamjibu kwamba kisu kwenye theluji ya unga kinazama, na siku tatu baadaye watanichimbua na mbwa. Yeye yumo kwenye kikosi cha uokoaji, mbwa anaye kweli. Nichukue pana kama zake. Curdin hakugombana na mtu. Akanong'ona tu kwamba za uwanjani ni laini, zinacheza, zinaruka, zinarudi kinyumenyume, na mimi nikiruka nitapendeza. Nimeshindwa kumeza supu.

Mama mkwe akauliza kama kuna anayeniuliza mimi. Wote watatu wakaanza upya.

Jumamosi, 6 Desemba

Nimetoka kazini mchana, mbio hadi duka la skii la Barblina. Ana skii za kujaribu — unachukua, unapanda, unarudisha, unachukua nyingine. Hakuniuliza nataka zipi. Kaniuliza nateleza na nani. Nikamwambia! Nimezungumza sana. Alikuwa anapaka nta muda wote huo.

Nyembamba kwanza. Ah, baba mkwe yuko sahihi! Kwenye mteremko uliopigwa pasi zinakata kama mkasi kwenye hariri. Nilijiona nina miaka kumi na sita tena. Nikachepuka kidogo pembeni, kwenye theluji isiyokanyagwa. Puu! Uso kwanza.

Pana kama za Braida nikazijaribu pia. Pembeni huko zinaelea, raha tupu. Lakini kwenye njia ngumu ya kivulini ni kama kusukuma kabati la nguo kwenye barafu. Mapaja yamekwisha.

Laini za uwanjani — kicheko mwanzo hadi mwisho. Nikaongeza mwendo kidogo na ncha zikaanza kupigapiga kama taulo kwenye kamba.

Baba mkwe alikuja kusimamia. Akaniambia ninyooshe mkono juu, skii ifike kwenye kifundo cha mkono, ndicho kipimo. Barblina akamwambia kwa upole kipimo hicho kilikuwa cha zama zile skii zilikuwa mbao tupu. Siku hizi ni kati ya kidevu na paji la uso, ndefu kidogo ukipenda unga, fupi kidogo ukipenda kuzungukazunguka. Baba mkwe alibaki ameinua mkono wake mwenyewe, anautazama.

Jumapili, 7 Desemba

NIMEZIPATA.

Curdin alimaliza zamu ya katapila alfajiri — ndiye anayejenga ile miruko yote ya uwanjani, vilima vyake vinapendeza kama keki — na badala ya kulala akaja nami. Macho mekundu, nywele zimesimama. Mzuri kupita kiasi.

Barblina alinipa jozi ya nne. Upana wa katikati si mdogo si mkubwa, milimita tisini na sita. Ncha zimekunjwa mbele na nyuma kama za Curdin, lakini katikati, chini ya mguu, ni ngumu, na hazilegei ukikimbia. Zinanifika kwenye nyusi. Rangi ya plamu iliyoiva.

Asubuhi kwenye njia iliyopigwa pasi zikauma theluji na hazikuachia. Si mkasi, sawa. Kisu kizuri cha jikoni. Kisha uwanjani! Kilima kidogo cha watoto, Curdin mbele, mimi nyuma, nikaruka, nikatua, nikabaki nimesimama! Nilisahau kufunga mdomo. Mwisho tukaingia kati ya miti ambako upepo ulirundika theluji, ndogo tu, inafika kwenye kifundo cha mguu. Zikaelea.

Si bingwa wa lolote, lakini hazikatai mwaliko wowote. Kwenye kiti cha lifti nikamwambia Curdin kwamba zinafanana naye. Akafikiri kidogo. Akauliza kama hiyo ni sifa. Nikamvuta skafu.

Jumanne, 9 Desemba

Ni zangu! Fedha walizonipa shangazi zangu harusini, bora hizi kuliko vyombo vya udongo.

Barblina alitaka kufunga vibano vya kushikia buti palepale. Nikakataa. Katika nyumba hii mume ndiye hufunga vibano vya mke wake. Baba mkwe alimfungia mama mkwe, na baba yake vilevile. Curdin alishuka nazo chini na buti langu moja kwapani. Mimi nilikuwa kazini, lakini mama mkwe anasema aliimba muda wote. Aliimba! Na huwa haimbi hata kanisani.

Nimerudi, ziko kwenye kigingi. Zimepakwa nta, zimeng'arishwa, nilijiona sura. Nimeshuka kuzitazama mara mbili kwa kisingizio cha viazi.

Jumatano, 10 Desemba

Saa moja uwanjani na Curdin. Nimegeuka kinyumenyume angani! Nusu tu, na nilitua kwa makalio, lakini nimegeuka. Zinazunguka kirahisi ajabu, kuliko siku ile ya kujaribu.

Kwenye njia ya kurudi nilihisi kitu. Sijui. Kama kiatu ulichokizoea halafu mtu amekijaza pamba kidoleni. Labda ni uchovu. Labda ni mapenzi.

Ijumaa, 12 Desemba

Si uchovu. Wala si mapenzi. Au labda ndiyo mapenzi yenyewe, Mungu wangu.

Usiku kumeanguka theluji ya kufika magotini, huko juu tu, kijijini hakuna kitu. Braida akanichukua kabla ya zamu. Mgeuko wa kwanza, ncha zikapiga mbizi. Nikazama kifudifudi hadi mabegani. Mgeuko wa pili, vilevile. Siku ya kujaribu zilielea! Nilijilaza nyuma hadi mapaja yakawaka moto. Wa tatu, kichwa chini, skii juu. Braida aliketi ili acheke vizuri. Kisha akaacha kucheka. Akaivuta skii yangu moja, akaipima kwa shubiri mbele, akaipima nyuma.

"Wifi," akasema, "nani kakufungia hivi?"

Vibano viko katikati. Katikati kabisa! Kiwanda kimechora mstari mdogo nyuma kidogo, ili mbele kuwe na skii ya kutosha kuelea. Curdin ameupita mstari huo kama haupo. Huko uwanjani wote hufunga katikati, kwa sababu wanatua kinyumenyume kama wanavyotua kimbelembele, na skii lazima iwe sawa pande zote. Mstari wa kiwanda, kwao, ni wa watalii.

Braida anasema nimeolewa na mtu asiyejua kuwa mlima una sehemu nyingine.

Nilitaka kulia na kucheka. Nikafanya yote mawili, theluji ikiwa shingoni.

Baba mkwe ameziona jioni. Akapima kwa kidole gumba tu. Anasema mashimo ya vibano yanaweza kutobolewa upya, nyuma zaidi, mara moja tu. Skii si chekeche. Na ukisogeza kidogo mno mashimo mapya yatakutana na ya zamani, na vibano vitang'oka na mguu wako ndani. Na utabiri unasema theluji kubwa ni Jumapili usiku. Jumatatu asubuhi ni malisho, roshani, na mimi.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimeshindwa kumwambia.

Alitoka zamu, akakaa kitandani bado na soksi za kazini, akauliza ninazionaje. Macho yale! Nikasema nzuri sana. Mwoga mkubwa mimi. Akalala hapohapo anatabasamu.

Baba mkwe alinifuata kwenye ghala la kuni, akasema taratibu kwamba Curdin atakuwa kwenye katapila usiku, drili ipo, yeye anajua kazi, kijana hatagundua. Ni mtu mwema sana. Nikashukuru, nikakataa. Kitu cha kwanza tutakachofichana kisiwe hiki. Kitakuwepo kingine baadaye, labda zawadi ya Krismasi.

Akasema basi niseme mapema, gundi ya kuziba mashimo ya zamani haina haraka ya kukauka.

Nimejaribu kumwambia wakati wa chakula cha mchana. Nikaomba chumvi.

Jumapili, 14 Desemba

Nimesema.

Theluji imeanza mapema kuliko walivyotabiri, tangu alfajiri, vipande vikubwa kama manyoya ya bata. Curdin alikuwa anapaka mkate siagi. Nikasema yote kwa pumzi moja: ncha, mbizi, Braida na shubiri yake, mstari. Nikasema pia kwamba jana nilidanganya. Siagi ikabaki kwenye kisu.

Kisha akasema, "Nilifunga pale ninaposimama mimi. Sikujua kuna pengine."

Hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Akasema alipokuwa anatoboa alikuwa ananiona niko angani, karibu yake. Hilo tu. Hakufikiria kitu kingine.

"Nataka tuwe pamoja mlima mzima, Curdin," nikamwambia. "Si uwanjani tu."

Akaacha kahawa. Akaondoka. Nikafikiri — basi, wiki sita, ndoa imevunjwa na skrubu nane. Nikanywa kahawa yake. Kisha nikasikia kutoka chini, kupitia ubao wa sakafu, sauti ya bisibisi.

Nikashuka mbio na soksi. Vibano vilikuwa vimeshang'olewa, viko mezani. Alikuwa anaziba mashimo ya zamani kwa vijiti vidogo na gundi, moja moja, kama daktari wa meno. Hakuimba. Akaniambia nivae buti. Nikavaa. Akanisimamisha juu ya skii tupu, mezani kabisa, kichwa changu kikagusa dari, akaniambia nisogee mbele, nisogee nyuma, nifumbe macho, nifikirie unga, nifikirie kilima, nifikirie njia ya asubuhi. Nilifikiria mikono yake kwenye vifundo vyangu, lakini nikajaribu. Kisha akanipa penseli.

Hajawahi kunipa penseli! Nimechora. Si katikati yake, si kwenye mstari wa kiwanda. Kati ya hayo mawili, karibu zaidi na mstari. Mbali ya kutosha na mashimo ya zamani, amepima. Nilingoja aisogeze alama. Alichukua penseli, nikasema moyoni, ndiyo hiyo, anaisogeza. Akaikoleza tu.

Sasa gundi inakauka, ndiyo maana naandika, nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, buti miguuni, drili imelala mapajani. Nzito kuliko nilivyodhani. Anasema nitoboe mimi, kwa kuwa ni mimi nitakayesimama hapo. Sijawahi kutoboa kitu katika maisha yangu. Na hakuna mara ya tatu.

Baba mkwe amebisha. Anasema kupitia mlangoni, sentimita moja nyuma zaidi. Braida yuko nyuma yake anasema mbili. Curdin ametia komeo.

"Fundi yuko kazini," amewaambia.

Fundi! Ni mimi huyo! Wamenyamaza, ila hawajaondoka, nasikia wanavyopumua. Dirisha dogo limeshafunikwa na theluji hadi nusu. Curdin amegusa gundi kwa kidole. Ameikumbatia skii kwa mikono miwili, ameibana na meza kwa tumbo, na hatazami alama, ananitazama mimi. Anasema nibonyeze taratibu, nisiogope kelele. Siwezi kuacha kucheka, na ananiambia niache kuandika kwanza, nimpe penseli, nishike drili. Haya. Naanza.