Kazi Yako ni Kujibu Tu

Kibokoni, Mombasa

Kaka Ngowa,

Salamu sana. Mama hajambo, goti limepoa. Mimi nimejaa hasira.

Kile chumba nilichokibuni kule makumbusho, mgeni akae na mkimbizi wazungumze, kilifunguliwa jana. Bi Hodan, aliyekimbia vita Somalia, aliketi. Mgeni wa kwanza akamwuliza, "Ulilia?"

Naye akauliza, "Na wewe, umewahi kufukuzwa kwako?"

Mkurugenzi akamkatiza: "Mama, kazi yako ni kujibu tu!"

Bi Hodan akajifunika uso kwa mtandio. Nikamwambia mkurugenzi, "Basi wageni wazungumze na ukuta," nikamshika Bi Hodan mkono, tukatoka.

Yule mgeni akatufuata hadi barazani kwetu. "Sijamjibu mama huyu," akasema. Walizungumza mpaka alasiri.

Kazi sina tena. Mama hajui, usimwambie.

Nduguyo,
Sidi