Skrini ya Shija

Jumatano, 2 Julai

Kijijini Sapiwi tena. Pamba imepakiwa tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye meno. Nimezunguka gari na tela nikigonga matairi kwa nondo kama kila siku. Yamelia vizuri. Tairi lenye upepo hulia, lililokwisha hunyamaza. Hiyo ndiyo shule niliyosoma.

Shija hakugonga. Alikaa kwenye kiti chake kama bwana shauri, akatazama kile kidude. Mama Ngollo, mwenye magari yetu haya mawili, amemfungia kidude hicho Mwanza wiki iliyopita. Kila tairi limevishwa kofia kwenye vali, la gari na la tela, na kofia hizo zinapeleka habari kwenye skrini ndogo mbele ya dereva. Upepo kiasi gani, joto kiasi gani. Tairi likipungua, skrini inapiga kelele.

Mimi sijafungiwa. Mama alisema, "Wewe Maduhu ni mzoefu, huhitaji. Tujaribu kwanza kwa huyu kijana." Nikacheka. Kicheko cha mdomoni tu.

Shija nimemfundisha mimi. Alikuwa utingo wangu. Gia ya kwanza maishani mwake aliiingiza mkono wangu ukiwa juu ya wake.

Ijumaa, 4 Julai

Habari kubwa. Mwisho wa mwezi Mama analeta gari la tatu. Jipya, na tela lake jipya. Litakwenda Dar es Salaam, siyo huku kuzunguka vijijini kuokota pamba. Mmoja wetu atapewa. Ametuambia wazi pale kiwanda cha kuchambulia pamba: atamtazama anayetunza matairi, maana msimu huu matairi yamemchosha.

Gari hilo ni langu. Nimekuwa na Mama tangu ana gari moja bovu lililokuwa likiwashwa kwa kusukumwa. Shija alikuwa bado anachunga ng'ombe wa baba yake.

Ila yeye ana skrini. Mimi nina nondo. Mashindano gani hayo?

Jumapili, 6 Julai

Nyumbani. Mke wangu Limi, mama Kwangu, amenisikiliza nikilalamika kuanzia uji hadi mchana, akachoka.

"Hasidi hana sababu, baba Kwangu."

Nikamwambia sababu ninazo. Nikampa zote. Kijana ameota mapembe. Zamani akinisalimia alikuwa anashuka kwenye gari, sasa ananipungia mkono dirishani. Juzi Mama kamsifu mbele ya makuli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, tutaona.

Limi akacheka mpaka akaweka sufuria chini. Akasema nitapasuka mimi kabla ya tairi lolote. Nimekula, nikatoka nje.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Hakuna kazi. Nimekwenda yadi, nikasema nakwenda kuangalia oili. Uongo. Nilikwenda kuchungulia skrini ya Shija kupitia kioo. Ilikuwa imezimwa. Nikaona sura yangu tu kwenye kioo, imekunjamana. Nikarudi nyumbani kwa miguu.

Alhamisi, 10 Julai

Marobota ya pamba kwenda Mwanza. Gari zote mbili, na tela zimejaa. Lamadi tumefika jua la utosi, lami inawaka. Nikafanya ninavyofanya siku zote: nikapita kila tairi nikibonyeza vali, nikapunguza upepo. Joto likipanda upepo unavimba, usipoutoa tairi linapasuka. Hivyo nilifundishwa, nami nikamfundisha Shija.

Shija hakutoa hata kidogo. Skrini yake inaonyesha upepo umepanda, nimeona kwa macho yangu, namba zimepanda kila tairi. Nikamwambia toa. Akasimama pale na kofia yake ya jua mkononi, akaanza, "Kaka Maduhu, hiki kidude kimenionyesha kitu..."

Nikamkata. Nikamwambia kidude hakijawahi kulala porini na gari bovu. Akavaa kofia yake, akarudi kwenye gari. Ni mtoto mwenye adabu, hilo sikatai.

Naandika ukweli kwa sababu hakuna atakayesoma. Kuanzia Lamadi hadi Mwanza nilikuwa nyuma yake, na njia nzima nilikuwa nasubiri tairi lake lipasuke. Sikutaka aumie. Nilitaka tu mshindo, mpira utawanyike barabarani, na Mama apigiwe simu.

Halikupasuka.

Jumamosi, 12 Julai

Sapiwi. Tela la Shija lilipiga pancha ya mwiba shambani. Nilifurahi nikaona haya. Skrini ilishampigia kelele mapema, akasimama, akaziba, akaondoka. Mama akasikia. Akamsifu.

Hata pancha yake inamletea sifa!

Jumanne, 15 Julai

Mikono bado ina masizi. Naandika hivyo hivyo.

Tulikuwa tunapeleka marobota Mwanza. Lamadi mchana nikapunguza upepo kama kawaida. Mimi nikatangulia, Shija nyuma. Tumeipita Nyashimo, naona kwenye kioo anawasha taa. Anawasha, anazima. Honi. Nikajua anataka kunipita. Anataka afike mizani kabla yangu, Mama aambiwe Shija ndiye wa kwanza. Nikakanyaga mafuta. Akazidi kuwasha taa. Nikashika katikati ya barabara.

Niseme tena. Nilimzibia njia.

Kisha akina mama waliokuwa wanaanika dagaa kando ya barabara wakaanza kunipungia vitenge na kupiga kelele. Hapo ndipo nikatazama kioo cha kushoto. Moshi mweusi unatoka chini ya tela. Tairi la nyuma la ndani, lile lililojificha nyuma ya mwenzake, lilikuwa linawaka, na juu yake kuna pamba.

Niliposimama tairi likapasuka. Shija alikuwa ameshasimama na anakimbia na mtungi wa kuzimia moto. Mimi nikachimba mchanga kwa mikono. Akina mama wakaleta maji ya dagaa kwenye ndoo. Robota moja lilishika, tukalivuta kwa kamba likaanguka mtaroni, likaungulia huko. Tela limepona. Gari limepona. Tukakaa chini, tumekuwa weusi, tunanuka dagaa.

Ndipo aliponiambia. Kwa upole, anatazama chini.

"Kaka, upepo wa mchana hautolewi. Hata mimi wiki ya kwanza nilitoa kama ulivyonifundisha. Asubuhi matairi yamepoa, skrini ikanipigia kelele kila tairi. Yalikuwa yamelala."

Ukitoa mchana, yakipoa yanabaki na upepo mdogo. Kesho unapakia mzigo juu yake, yanajikunja, yanachemka. Mchana unayakuta ya moto zaidi, unatoa tena. Hivyo hivyo kila safari. Na tairi la ndani nondo haifiki vizuri, unasikia tu mlio wa jirani yake.

Miaka yote nilikuwa naua matairi kwa mkono wangu, nikiita kuyatunza.

Jumatano, 16 Julai

Mama alikuja yadi na gauni la kanisani, maana alipigiwa simu kwamba tumerudi akiwa kwenye mazoezi ya kwaya. Akauliza chanzo. Nikainama, nikajifanya kutazama tela.

Shija akajibu. "Msumari, mama. Msumari mrefu wa kupigilia mbao. Asingekuwa kaka Maduhu, tela lote lingeteketea."

Mama akanishika bega, akanishukuru kwa Kisukuma, "Wabeja sana, Maduhu." Mbele ya makuli. Sifa nilizozitafuta msimu mzima nimepewa kwa msumari usiokuwepo.

Ijumaa, 18 Julai

Namchukia Shija leo kuliko wiki iliyopita. Naandika hivi nikijua ni upumbavu. Angenisema, ningekuwa na neno la kumjibu. Angejitapa, ningemtukana. Amenifichia aibu yangu na wala hajanitazama jicho la kudai. Leo asubuhi ameshuka kabisa kwenye gari, amenisalimia, "Mwangaluka, kaka." Nimeitika kwa shingo.

Limi anaulizia moto. Nimemwambia msumari. Sasa ni uongo wa watu wawili.

Jumanne, 22 Julai

Sijatoa upepo tangu siku ile. Nimekopa kipimo cha fundi matairi. Asubuhi, matairi yakiwa baridi, nikapima yote. Karibu yote yalikuwa chini. Nikajaza hadi fundi akanishangaa. Gari limekuwa jepesi, tela linafuata kama ndama anayemfuata mamaye.

Furaha ile ilidumu hadi kona ya sokoni. Nikakumbuka nani kanifundisha.

Jumatatu, 28 Julai

Gari limekuja. Refu, linang'aa, tela lina nailoni bado kwenye taa. Na skrini. Kubwa, ya kiwandani, matairi yote yamechorwa kama mifupa ya samaki.

Mama akatuita sote. Akasema mtu akiokoa tela kutoka motoni, huyo ndiye wa kupewa mali. Akaninyooshea funguo.

Hapo palikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwepo, niliiona. Ningesema, "Mama, haukuwa msumari." Maneno matatu. Lakini Shija alikuwa wa kwanza kupiga makofi, na makuli wakamfuata, na mkono wangu ulishachukua funguo.

Limi amechinja kuku. Watoto wameimba. Nimekula paja lote, sikusikia ladha.

Alhamisi, 31 Julai

Safari ya kwanza. Dar es Salaam kupitia Mwanza, kuna marobota ya kuongeza kule. Shija naye alikuwa na mzigo wa Mwanza, tukakutana Lamadi mchana.

Jua lile lile. Kwenye skrini namba zinapanda, tairi baada ya tairi. Vidole vikaniwasha. Nikaviweka mfukoni. Nikaacha upepo upande unavyotaka, nikaenda kukaa kibandani. Sato na ugali.

Shija alikuja akapanda kwanza kwenye gari langu kutazama skrini. Akashuka anacheka.

"Kubwa kuliko yangu, kaka! Na rangi inayo. Umestahili."

Nikamtazama usoni. Nikatafuta kinyongo, hata kidogo, hata pembeni ya jicho. Hakuna. Kijana anafurahi. Amepoteza gari kwa uongo wake mwenyewe na anakula samaki mkia kwanza, anamtania mama ntilie kuhusu pilipili.

Nina gari. Nina skrini. Nina njia ya Dar. Na bado namwonea wivu yule yule, kwa ile roho yake inayomwezesha kula hivyo.

Nikamwambia, "Shija, haukuwa msumari." Akasema anajua, nile, chakula kinapoa.

Nikala. Tukanawa mikono, kila mmoja akapanda gari lake.