Chuma cha Mzee Silasi

Mugoma, Jumatano, Desemba

Leo kimepanda, na bado sina furaha.

Tangu kiangazi Mzee Silasi, mkimbizi kutoka Rwanda, ananifundisha mimi, mwalimu wa shule ya kijiji, kuinua chuma chake kwa mkono mmoja. Ni bomba lenye kopo la saruji kila mwisho. Kosa langu ni shingo. Nimebeba ndoo kichwani tangu utoto, kwa hiyo nikilemewa nanyooka na kutazama mbele.

"Mwalimu, hakuna maji ya kumwagika hapa!" alinicheka tena leo. "Pinda! Kitazame, ujiingize chini yake."

Nikapinda ubavu, macho juu, mkono ukanyooka. Nikasimama nacho! Akakipokea yeye, maana kukishusha hajanifundisha.

Ndipo akaniambia kambini wametangaziwa: wote warudi kwao. Nikamuuliza kama anaogopa.

"Nyumbani kwangu kule sasa anakaa mtu mwingine," akasema. "Namjua."

Nilitaka kumwambia abaki, lakini abaki wapi? Sisi wenyewe hapa kijijini tumekuwa tukiomba wakimbizi waondoke.

Amekiacha chuma barazani kwetu. Mama anataka kiondolewe.

Kukiinua sasa naweza. Kikishafika juu, nani atakipokea?