Macho Manane ya Kinyata

Shoga yangu Zuhura,

Leo Kinyata wetu amepanda jukwaani mbele ya majaji. Tangu homa ilipokuchukua sijapata raha na yule mdudu wako.

Si unakumbuka chuo kilivyotangaza yale mashindano, kubuni kiumbe asiyekuwepo duniani anayeweza kazi ya uhandisi? Wenzetu wakakimbilia ndege wa kubeba matofali. Wewe ukamchora Kinyata, anatambaa chini ya madaraja, anatafuta nyufa na kuziziba kwa mate yake. Ukampa macho manane. "Nikikutana naye mimi mwenyewe natoka mbio," ukasema, tukacheka hadi tukafukuzwa maktaba.

Basi baada ya arobaini yako, baba yako akaniita kwenu Usagara. Nikamwamkia, akanikaribisha kahawa, halafu akauliza habari za ile picha. Wadogo zako walishamsimulia. Unamjua mzee, kwenu hata kalenda yenye sura ya mtu haitundikwi. Akasema, "Mwanangu, kuchora kiumbe mwenye macho ni dhambi, na kamchora yeye. Ataulizwa huko aliko, na kufuta mwenyewe hawezi tena." Akataka niondoe jina lako, au nisimpeleke kabisa.

Nilikasirika, Zuhura! Wallahi nilikasirika. Nikuondoe jina, nionekane mwerevu kwa akili yako? Niliaga kwa shingo upande. Njia nzima namjibu mzee moyoni, majibu makali makali, kisha nikakumbuka sauti yake ilivyokuwa ikikatika. Hakuwa akinigombeza. Alikuwa anakuogopea wewe.

Nikachukua ufutio. Jicho la kwanza lilinishinda, nikalia, maana penseli ile ilikuwa mkono wako. Nikayafuta yote. Badala yake nikamrefushia miguu, awe anagonga zege na kusikiliza palipo na uwazi ndani, kama tunavyogonga tikiti sokoni. Mzee sikumwambia. Niliogopa atasema haitoshi.

Leo naingia ukumbini, namwona mzee kakaa viti vya nyuma, kanzu na kofia. Jaji mmoja akauliza, "Huyu mbona hana macho? Mmesahau?" Nikasema hatukusahau kitu, chini ya daraja ni giza, yeye anasikia. Jaji akatikisa kichwa. Hatukushinda, shoga. Hata tatu bora hatumo.

Mwishoni wakawataja wabunifu wote, kila mmoja asimame. Likasomwa jina lako. Mimi nimeinama, sijui nitazame wapi. Nikasikia kiti kinasogezwa kule nyuma, na baba yako akasema kwa sauti, "Ni mwanangu." Kageuka kila mtu. Alikuwa amesimama.

Mungu akulaze pema, Zuhura. Nenda salama. Nakuahidi Idi hii nitafika kwenu asubuhi na mapema, nikae na mama yako jikoni, maana najua atakuita bila kujijua, na mtu lazima aitike.

Wako,
Mwanaidi