Birika Lililokwenda Shule

Mdogo wangu mpenzi,

Ule ugonjwa uliotuingilia nyumbani miaka sitini na miwili iliyopita, ule ambao madaktari wawili walishindwa kuupa jina, mimi nalijua jina lake. Nimelificha muda wote huo. Nimeona nilitangulize hili kabla ya salamu, kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitakuuliza habari za magoti yako, nitasifu bustani yako, nitajaza kurasa mbili, kisha nitafunga bahasha na kumshukuru Mungu kwamba karatasi imekwisha.

Sasa nikusalimu. U hali gani? Magoti yanasemaje asubuhi? Na mdogo wetu Kibonge je, bado anaburuta ule mguu na kujidai kwamba watu wakubwa hawana haraka? Mwambie kaka yake anamsalimu sana. Mimi nipo, lakini ni kuwepo kwa jina tu. Moyo umechoka. Daktari wangu, kijana mpole mwenye desturi ya kukaa ukingoni mwa kitanda, aliniambia juzi kwamba dawa anazonipa sasa ni za kunituliza, si za kuniponya. Nilimshukuru kwa kunisemea wazi. Alipotoka nikaona aibu, maana mtoto yule alikuwa amesema kwa dakika moja jambo zito, na mimi langu limenishinda maisha mazima. Ndipo nikaomba kalamu. Utanisamehe mwandiko; mkono umezeeka, ila akili bado ni ileile uliyokuwa ukiicheka.

Unaikumbuka ile tamthilia yangu ya Jumapili jioni, Sikio la Chuma? Swali la kijinga, uliitazama yote. Mchana shujaa wetu ni fundi redio tu, mwenye kibanda, madeni na mke mvumilivu. Jamii ikipata shida, anavaa joho lake na mkanda wa shaba, analaza sikio juu ya kitu chochote, mlango, jiwe, kiatu, na kitu kile kinamweleza kila kilichoshuhudia. Nataka tuzungumze juu ya sehemu ya kumi na moja, ile ya familia inayougua bila sababu. Mama ananyong'onyea, watoto wanajikunja kwa tumbo, baba anafoka kutwa, na mtu mmoja tu katika nyumba ni mzima: shangazi mtu, mwenye kitambaa cha kijani kichwani, anayeimba kwa kuguna huku akikoroga chungu. Sikio la Chuma akalaza sikio juu ya chungu, akasikia unga wa sumu ukimiminwa. Shangazi akafichuliwa mbele ya mtaa mzima. Watazamaji wakambatiza Mama Unga.

Kesho yake ulinipigia simu ukilia. Ulisema, "Kaka, umemsema. Hatimaye kuna mtu amemsema." Nikakujibu kwamba nimefurahi umeipenda.

Sikuiandika hivyo mwanzoni. Andiko la kwanza lilikuwa na familia hiyohiyo na shangazi huyohuyo, ila shujaa alilaza sikio juu ya birika, na birika likamwambia kwamba aliyeleta maradhi ni kijana wa nyumba ile, asiyejua alitendalo, na kwamba shangazi hana hatia. Niliiandika kwa siku mbili bila kula vizuri. Nilijiambia kwamba nikishindwa kusema kwa mdomo wangu, joho na mkanda wa shaba vitanisemea. Mwongozaji wetu aliisoma huku akinyoa ndevu mbele ya kioo cha chumba cha mavazi, akacheka mpaka akajikata. Akaniuliza tangu lini shujaa akapigana na birika. Alisema, "Mzee, tumemshonea mtu joho la mita sita, halafu adui yake ni chombo cha chai? Watoto watazima televisheni. Nipe mtu. Nipe mtu wa kuchukiwa." Waigizaji waliokuwa wakipakwa poda wakaangua kicheko. Yule aliyecheza shujaa akainua kikombe chake, akakitegea sikio, akasema kikombe kinadai sukari.

Ningeweza kukataa. Badala yake nilikwenda nyumbani nikawapa mtu. Kitambaa cha kijani, kuguna kwa wimbo, kutokunywa chai: vyote nilivitoa kwa Shangazi yetu, kama mtu anayemvua maiti nguo. Kazi ya kalamu ina uvivu wake. Mkono huchukua kilicho karibu.

Sasa nirudi nyumbani kwetu kabisa. Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja, kwa hiyo utakumbuka mengi, lakini naomba usome kana kwamba hukuwepo. Mimi nilikuwa na kumi na tisa, mwanafunzi wa kazi katika kiwanda cha uchapaji. Kazi yangu ilikuwa kupanga herufi, zile ndogo za madini ya risasi, moja moja, kinyumenyume, mpaka ukurasa utimie. Baba, na useremala wake wote, aliniona mimi ndiye fundi wa nyumba. Mwaka ule birika la Mama lilitoboka chini. Baba alitaka kununua jingine; mimi nikasema hakuna haja. Nilibeba mfukoni herufi zilizovunjika, nikaziyeyusha ndani ya kopo la rangi ya viatu, nikaziba tundu. Likashika kweli. Herufi moja haikuyeyuka sawasawa. Ukipapasa chini ya birika ulikuta umbo la M. Baba alifurahi, akatangaza kwamba katika ukoo wetu sasa hata birika limekwenda shule. Wageni walioneshwa. Nawe ulilipigia saluti kila asubuhi, unakumbuka?

Na chai ya kwetu unaijua. Mama alikamua malimau humohumo ndani ya birika, akaliacha jikoni kutwa, kila apitaye anajimiminia. Ukali wa limau ukikaa juu ya risasi, risasi hutoka kidogo kidogo, haina harufu, na ladha yake ni utamu. Ugonjwa wetu ndio huo, mdogo wangu. Tulikunywa risasi. Aliyekuwa akiimimina ni birika, na aliyeitia kwenye birika ni mimi.

Lilianza tumbo lako. Halafu Mama akapauka, mpaka siku moja akashindwa kuinua pasi. Viganja vilining'inia kwenye vifundo kama nguo zilizolowa. Kibonge, ambaye ndio kwanza alikuwa na miaka minne, akaanza kujikwaa mahali pasipo na kitu. Mimi niliumwa kidogo tu, kwa kuwa chai yangu niliinywa kiwandani. Na Shangazi, aliyekuwa akiishi nasi na kutupikia, hakuumwa hata kidogo. Chai ilimchoma kifua tangu utotoni. Yeye na maji yake ya bomba, basi.

Jirani yetu mshonaji ndiye aliyeuliza kwanza, huku akipima sketi ya Mama iliyokuwa ikipwaya kila wiki, kwamba mpishi wa nyumba hii mbona yeye ananawiri. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, kama sote, na mwenye kuogopa hutafuta uso wa kuutazama. Siku ile Baba alimkalisha dada yake kwenye kiti katikati ya chumba, akamuuliza mara tatu kwa nini ugonjwa unamruka yeye. Shangazi, unavyomjua kwa utani, akasema, "Kaka, nimekupikia miaka sita. Ningetaka kukumaliza, chumvi yangu peke yake ingetosha." Ulimi ukamponza. Hakuna aliyecheka, na Baba akamwambia afungashe.

Mimi ndiye niliyembebea sanduku mpaka kituo cha basi. Njia nzima hakulia. Alinishika mkono wa shati, akaniambia nisiache kusoma, walau mtu mmoja katika sisi asome mpaka mwisho. Baba alirudi ndani akatupa kila chombo alichokuwa akipikia. Wiki hazikupita nyingi, Mama akainua pasi. Wewe ukaanza kuruka kamba. Nyumba nzima ikasema, mmeona?

Baadaye nikaja kuelewa. Palikuwa na mpanga herufi mkongwe kiwandani, tuliyemwita Mzee Koma kwa sababu hakumaliza sentensi bila kupumzika mara tatu. Viganja vyake vilining'inia kama vya Mama. Nilipomweleza, bila kutaja ni nyumba ya nani, alinitazama akasema, "Huyo, kijana, anakunywa, risasi. Tafuta, chombo." Kuchukua herufi za kiwanda kulikuwa kosa la kufukuzwa kazi, nami nilikuwa fahari ya Baba. Nikanyamaza. Kila mwaka uliopita uliufanya ukweli uwe mzito zaidi kuubeba, na mimi niwe mwepesi zaidi.

Baada ya ile sehemu ya kumi na moja nilikwenda kumtazama Shangazi. Alikuwa akifanya kazi ya kupiga pasi kwa dobi wa mjini. Zamani alipata kumsimulia mwenzake mmoja kwa nini aliondoka kwa kaka yake. Basi Jumatatu ile, baada ya televisheni, hadithi ilipata sura. Watoto walimwimbia Mama Unga dirishani. Wateja wawili walikuja kuchukua mashati yao kabla hayajapigwa pasi. Mimi mpwa wake, niliyemfukuzisha mara ya kwanza kwa kunyamaza, mara ya pili nilimfukuza kwa kusema.

Alinipa kiti. Akanichemshia chai, yeye asiyekunywa chai. Akasema ameitazama, na kwamba yule mwigizaji anaguna vizuri ila kitambaa amekifunga ovyo. Halafu akasema kwa sauti ileile, akikunja kola ya shati la mtu, "Umeandika kila kitu, mwanangu. Birika tu ndilo umelisahau." Niliweka kikombe chini. Aliuliza habari zako, una watoto wangapi, na kama bado unapenda kuruka kamba.

Tangu hapo, miaka ishirini na minane sasa, nimekuwa nikimtembelea kila mwezi, nawe nikikwambia nakwenda kwenye mikutano ya waandishi. Leo ana miaka tisini na miwili. Macho yamekwisha, lakini utani umebaki. Alimwambia muuguzi wake kwamba sasa hata akitaka kutia sumu hataona pa kuitia. Anachouliza ni wewe. Hajawahi kuniomba nikuambie ukweli, hata mara moja. Ameniomba tu nikulete, nami kila mara nimesema una shughuli. Ninyi wawili mngeweza kukaa pamoja miaka ishirini na minane hii, na aliyekaa katikati yenu ni mimi.

Kwa hiyo nenda, mdogo wangu. Usiningoje mimi, wala usingoje hasira ikuishe. Ibebe uende nayo. Anwani nimeiandika nyuma ya bahasha. Nenda na Kibonge. Shangazi atawapapasa nyuso, msishtuke. Kama Kibonge atakuwa na nafasi ya kunikasirikia, mwambie hiyo ni haki yake, na ingenipendeza kuisikia. Wewe nawe usijilazimishe kunisamehe kwa kuwa eti naondoka. Mtu haachi kukosa kwa sababu anakufa.

Wasalimie watoto na wajukuu wote. Yule mdogo anayeandika hadithi mwambie babu yake anamwombea kalamu ngumu kuliko yangu. Magoti uyapake dawa, usingoje baridi. Mungu akutunze, na akurefushie maisha uyatumie vizuri.

Ndimi kaka yako.

Nimeshatia sahihi, na kalamu bado iko mkononi. Nimesoma tena niliyoandika, kama nilivyofunzwa kiwandani, polepole, nikitafuta kosa. Nimelikuta. Pale nilipoandika "baadaye nikaja kuelewa", lifute neno la kwanza. Nilichagua kuliweka ili nikifika kwako niwe kijana aliyechelewa kujua. Viganja vya Mama niliviona Jumanne, na asubuhi yake ndipo nilipozungumza na Mzee Koma. Shangazi aliniuliza Alhamisi birika liko wapi, nikamwambia nimelipeleka likasafishwe. Nafuu yenu haikutokana na kuondoka kwake, na nilipombebea sanduku nilikuwa nikijua. Birika nililitupa Jumatano. Shangazi alifukuzwa Jumapili.